Nimebakiza miaka miwili kumaliza masomo ya usingizi: niende ICU, watoto, au nibaki thieta?

Swali: "Mimi ni daktari, niko katikati ya masomo ya ubingwa wa ganzi na usingizi. Nasoma kwa likizo ya masomo niliyopewa na kaunti yangu huku magharibi, na nina mkataba wa kurudi kuitumikia. Darasani tuko sita. Wanne wanataka ICU (wadi ya wagonjwa mahututi), mmoja anataka upasuaji wa moyo, na mimi sijui ninachotaka. Kila nikimaliza duru moja ya mafunzo katika idara fulani naona ndiyo yenyewe, hadi nianze nyingine. Mke wangu ni mwalimu Nakuru na tuna mtoto wa mwaka mmoja. Wengine wananiambia nisijisumbue na ubobezi, nifanye lokamu, yaani kazi ya kuitwa kwa siku na kulipwa kwa kesi, Kisumu na Nakuru nitapata pesa. Nichague vipi?"

Jibu: Daktari, nakupa jibu fupi kwanza. Maliza masomo, rudi kaunti, ufanye usingizi wa jumla mwaka mmoja au miwili huku ukitia nguvu kwa kina mama wanaojifungua na kwa wagonjwa waliotoka thieta siku hiyohiyo. Baada ya hapo ICU inaweza kukufaa sana, kwa sharti kwamba hospitali unayokwenda ina wauguzi wa ICU. Nasema wauguzi, vitanda visikudanganye. Watoto pia, ikiwa ushahidi nitakaokuonyesha namna ya kuukusanya utaelekea huko. Moyo uuache, labda uwe tayari kuhama. Lokamu itakulipia karo na kodi, lakini ukiifanya ndiyo kazi yenyewe utakuwa mgeni katika kila thieta unayoingia.

Tuanze na hilo la kupenda kila duru. Huna kasoro. Mwanagenzi hupenda alichofundishwa vizuri, na kwa muda wa wiki nane hawezi kutofautisha kuipenda kazi na kumpenda mwalimu. Duru yenye daktari bingwa anayesimama nawe kichwani mwa mgonjwa, anayekueleza kwa nini shinikizo la damu limeshuka kabla hujauliza, itaonekana wito. Ileile ikiwa na bingwa anayekuja kutia sahihi tu itaonekana adhabu. Wale wanne wanaotaka ICU wachunguze: je, walipita ICU wakiwa na mwalimu mmoja? Tena ICU ina heshima yake tangu 2020, mwaka ambao nchi nzima ilijifunza neno ventileta, mashine ya kumpumulia mgonjwa. Heshima si kitu kibaya, ila haikai nawe saa tisa usiku.

Dawa yake ni daftari. Daftari la kesi unalo tayari kwa sababu ya mitihani, nawe liongezee safu tatu kwa miezi sita ijayo. Ya kwanza: je, nilisoma kuhusu kesi hii bila kuambiwa? Andika ndiyo au la. Ya pili: kama ningeitwa kwa kesi kama hii saa tisa usiku nikiwa na miaka 45, ningeondoka kitandani nikinung'unika kiasi gani? Toa alama kuanzia sifuri hadi tatu. Ya tatu: nani mwingine alikuwa chumbani aliyejua kuingiza mrija wa hewa? Andika cheo, usiandike jina. Jaza kabla ya kuondoka hospitali siku hiyo. Ukisubiri Jumamosi utaandika unachotamani kuwa, na yaliyotokea yatakuwa yamepotea.

Miezi sita ikiisha, gawanya kesi kwa aina, kisha tenga wiki ambazo yule mwalimu unayempenda alikuwa likizo au kwenye kongamano. Kama alama za tawi hilo zinaporomoka kila anapoondoka, ulichokipenda ni ualimu wake, na labda wewe mwenyewe ni mwalimu ambaye bado hajajitambua. Zikibaki palepale, umepata kitu. Safu ya tatu ndiyo watu huidharau, nayo ndiyo itakayokuambia kama ujasiri uliousikia ulikuwa wako au ulikuwa wa mtu wa pili aliyesimama nyuma yako. Wengi hugundua kwamba kesi zote walizozifurahia zilikuwa na bingwa umbali wa hatua kumi. Huko uendako bingwa ni wewe.

Swali linalopaswa kutangulia jina la tawi, basi, ni hili: usiku, mtu wa pili ni nani? Wiki ina saa 168. Ukifanya kazi saa 40 za kawaida, zinabaki 128 ambazo mtu lazima apatikane. Bingwa akiwa peke yake katika hospitali ya kaunti, saa hizo zote ni zake hata kama karatasi ya zamu haisemi. Wakiwa wawili, kila mmoja huitwa usiku mmoja kati ya miwili, na mmoja akienda likizo mwingine hurudi kuwa peke yake. Kuanzia wanne kazi hubadilika kabisa: unaweza kulala, kusafiri, kuugua. Ndiyo maana watu wawili wenye ubobezi uleule, mmoja Eldoret kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na mwingine kwenye hospitali ndogo ya kaunti, huwa hawafanyi kazi moja. Wanashiriki cheti tu. Na mtu aliyechoka mwenye funguo za kabati la fentanili, dawa kali ya maumivu inayoleta uraibu, yuko hatarini kwa namna ambayo fani nyingine hazijui. Jambo hili huongelewa kwa kunong'ona, na mimi naona lifikiriwe wakati wa kuchagua mahali pa kazi, kabla madhara hayajaonekana.

Sasa ICU, kwa kuwa ndiyo inayowavuta wenzako. Tawi hili lilizaliwa mikononi mwa daktari wa usingizi: Copenhagen, 1952, mlipuko wa polio, Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa waliolemaa misuli ya kupumua watobolewe koo na kupumuliwa kwa mfuko. Mashine hazikutosha, wakaletwa wanafunzi wa udaktari kwa mamia kufinya mifuko kwa zamu, mchana na usiku. Mikono ilitangulia mashine. Hapa kwetu mara nyingi tumeanzia mwisho. Mpango wa kitaifa wa kukodisha vifaa ulioanza 2015 ulipeleka vifaa vya thieta na ICU katika kaunti, na somo lililobaki ni kwamba mashine hufika kwa lori lakini muuguzi wa ICU hafiki kwa lori.

Piga hesabu mwenyewe. Mgonjwa aliye kwenye ventileta anahitaji muuguzi wake mmoja kila saa. Saa 168 ukigawa kwa 40 unapata 4.2. Ongeza likizo, ugonjwa, uzazi na mafunzo, inakuwa watano au zaidi kwa kitanda kimoja. Vitanda sita ni wauguzi thelathini na kitu. Ukiambiwa "tuna ICU ya vitanda sita" na wauguzi ni kumi na mmoja, jua kwamba kuna ICU ya vitanda viwili yenye samani za ziada. Utakachokifanya hapo ni kuchagua nani aingie, kila siku, pamoja na familia zao nje ya mlango. Kazi hiyo ni ya kweli na inahitaji mtu aliyeiva, ila si ile uliyoiona mahali unaposomea.

Hesabu ya pili ni ya oksijeni. Mtungi mkubwa wa aina ya J ukijaa una lita 6,800 hivi. Kwa lita 10 kwa dakika utadumu saa kumi na moja na kidogo. Mgonjwa wa mipira ya pua yenye mtiririko mkubwa, lita 60 kwa dakika za oksijeni tupu, ataumaliza kabla ya saa mbili. Kwa hiyo uliza: kuna mtambo wa kuzalisha oksijeni hospitalini? Umeme ukikatika jenereta huubeba mtambo pia, au taa tu? Mitungi ya akiba ni mingapi na nani huibadilisha usiku? Kisha uliza kuhusu kipimo cha gesi za damu. Mashine inaweza kuwepo bila vitendanishi tangu miezi mitatu iliyopita. Uliza pia kama mgonjwa mwenye figo zilizofeli hupata kusafishwa damu Jumapili. Majibu ya maswali haya yana thamani kuliko idadi ya vitanda.

Jambo la pembeni, ila linawachanganya wageni: Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu 1,130. Shinikizo la hewa Eldoret ni kama milimita 590 za zebaki, Kisumu 660 na kitu. Ukiondoa mvuke wa maji, oksijeni katika pumzi ya hewa ya kawaida ina shinikizo la karibu 114 Eldoret na 130 Kisumu, ilhali pwani ni 150. Mtu mzima mwenye afya anayesoma asilimia 94 kwenye oksimita, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, Eldoret haogopeshi. Asilimia hiyohiyo Mombasa ungemtazama mara mbili. Ukihama hospitali, hamisha na viwango vya kichwani mwako.

Kuna sababu nzito zaidi ya kufikiria kazi hii ya baada ya upasuaji, hata kama hutaki jina la ICU. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa matokeo ya upasuaji katika nchi 25 za Afrika, wagonjwa 11,422. Wagonjwa wetu walikuwa vijana na wenye hatari ndogo kuliko wa kwingineko, lakini vifo vyao vilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi hawakufia mezani. Walifia wadini, siku zilizofuata. Sisi wa usingizi hujisifu kwamba mgonjwa ametoka thieta akipumua. Akifa kesho yake kwa kutokwa na damu kidogokidogo ambako hakuna aliyepima mapigo, sifa hiyo ni ya nani? Chumba cha uangalizi chenye vitanda vinne, oksimita nne, mashine ya kufyonza inayofanya kazi, na muuguzi aliyefunzwa kukuita mapigo yakipita 120, kitaokoa wengi kuliko ventileta mbili zisizo na mtu. Hakihitaji ubobezi. Kinahitaji daktari wa usingizi mkaidi.

Katika data hizohizo wapo kina mama 3,684 waliojifungua kwa upasuaji. Waliofariki ni kama 5 kwa kila 1,000, mara 50 hivi ya nchi tajiri. Ndiyo sababu nimekutajia uzazi mwanzoni, ingawa hakuna hata mmoja darasani mwenu aliyeutaja. Wanagenzi huuona kuwa kazi ya kurudiarudia: ganzi ya mgongo, mililita 2 hadi 2.2 za dawa ya ganzi, bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, mlaze, muinamishe kushoto, andika, mwingine. Wiki ya tatu unachoka. Lakini hapo ndipo kaunti itakapokutumia usiku na mchana, na ndipo makosa yanapoua haraka: ganzi iliyopanda hadi mama akashindwa kupumua na hakuna aliyeandaa mrija, shinikizo lililoachwa chini kwa dakika kumi kwa sababu efedrini ya kulipandisha iko kabatini na kabati limefungwa, kondo lililotangulia la mama aliyepasuliwa mara mbili, damu imeombwa ngozi ikishafunguliwa, mwenye kifafa cha mimba aliyepewa usingizi kamili, shinikizo likaruka 220 wakati wa kuingiza mrija kwa sababu hakuna aliyelizuia kwanza. Mtu akiyajua haya manne vizuri na kuyafundisha, kaunti yake itabadilika. Sielewi kwa nini tawi hili halina heshima ya ICU. Pengine ni kwa kuwa halina mashine ya kupiga nayo picha ya kujivunia.

Watoto. Hapa magharibi tuna bahati kidogo: Eldoret ina hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ndani ya eneo la Hospitali ya Moi, na Nairobi kuna mafunzo ya ubobezi ya mwaka mmoja ya usingizi wa watoto, hivyo si lazima uvuke bahari. Kazi yenyewe ni ya vipimo vidogo na muda mfupi. Mtoto mchanga hutumia oksijeni mililita 6 kwa kila kilo kwa dakika, mara mbili ya mtu mzima, na akiba ya mapafu yake ni ndogo. Ukichelewa kupata njia ya hewa, moyo hupunguza mapigo kabla hujamaliza kubadilisha laringoskopu, kifaa cha kutazamia koo. Damu yake ni mililita 80 hadi 85 kwa kilo, maana yake mchanga wa kilo tatu ana robo lita mwilini, kikombe cha chai. Kitambaa kimoja kikubwa kilicholowa ni dharura. Tena kesi nyingi hazina fahari: kuunguzwa na uji au chai, punje ya mahindi kwenye bomba la pumzi, ngiri, mdomo sungura. Wanaofaulu hapa ni wale ambao hata kabla ya ubobezi walikuwa wakiandika dozi zote kwa kilo, kuzivuta kwenye sirinji na kuzibandika majina kabla mtoto hajaingia chumbani. Tazama tabia zako. Kama huwa unakisia uzito wa mtoto kwa macho na husikii vibaya, tafuta tawi jingine.

Ganzi ya neva na tiba ya maumivu ningekushauri uichukue kama ujuzi, usiisubiri kama cheo. Boda boda zimetupa mifupa ya kutosha kujifunzia hadi ustaafu. Kinachohitajika ni ultrasaundi yenye kichwa bapa cha masafa ya juu, sindano, na nidhamu ya kipimo: kwa bupivakaini kaa chini ya miligramu 2 kwa kilo, hivyo mtu wa kilo 70 hapiti 140, yaani mililita 28 za asilimia 0.5. Na usianze kabla ya kujua yalipo mafuta ya mshipani ya asilimia 20, kwa kuwa dawa ikipenya kwenye damu na moyo ukayumba utahitaji mililita 1.5 kwa kilo papo hapo, karibu 105 kwa mtu huyo. Hospitali isiyo na mafuta hayo, punguza dozi na tamaa. Kliniki ya maumivu ya saratani ni suala jingine: mofini ya kunywa ni rahisi, uhitaji ni mkubwa, na kazi ni ya mchana. Mwenye mtoto wa mwaka mmoja asipuuze neno hilo la mwisho.

Moyo nimeshakuambia. Upasuaji wa moyo uliofunguliwa hufanywa mahali pachache. Ukanda huu utataja Tenwek kule Bomet na Eldoret, kisha Nairobi. Ujuzi wake hufifia usipoutumia kila wiki, na kaunti yako haitaununua.

Sasa kazi ambayo haimo kwenye orodha ya mtu yeyote, nayo itakuwa nusu ya maisha yako. Katika hospitali nyingi za kaunti wanaowapa wagonjwa usingizi ni matabibu na wauguzi waliousomea. Ukirudi, utakuta watano au wanane, baadhi yao wakiwa na miaka kumi na mitano kazini, na wameshafanya ganzi za mgongo nyingi kuliko utakazofanya wewe. Ukija na kiburi cha shahada, watakuacha na kesi ngumu peke yako, na kwa haki yao. Ukija ukiuliza wanakwama wapi, watakuambia ndani ya wiki moja: mashine ipi inavuja, daktari yupi wa upasuaji hasubiri, dawa gani huisha tarehe ishirini ya kila mwezi. Shughuli za mwezi wako wa kwanza ni hizi: orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani isomwe kwa sauti kabla ya kisu, kila meza iwe na oksimita na, ikiwezekana, kapnografu (kipimo cha kaboni dioksidi katika pumzi), kuwe na mkoba mmoja wa njia ngumu ya hewa wenye vifaa vinavyojulikana, ukaguliwe kila Jumatatu, kila kifo na kila tukio la nusura ya kifo lijadiliwe bila kutafuta wa kulaumiwa. Kama safu zako za daftari zinaonyesha unachangamka ukiwa unamfundisha mtu kuliko ukiwa na sirinji, basi hili ndilo tawi lako, na linaitwa uongozi wa idara. Wahenga wana msemo kwamba mchagua jembe si mkulima. Wewe hata hulimi peke yako.

Kuhusu lokamu. Malipo kwa kesi yanavutia kwa kuwa unayaona haraka, lakini hesabu gharama yote: bima ya makosa ya kitabibu ni juu yako, siku ya kuugua haina malipo, na hospitali ikisubiri fedha za bima ya mgonjwa, wewe nawe unasubiri. Kubwa zaidi ni barabara. Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho na Mau Summit ni safari ya saa kadhaa, na kushuka Salgaa alfajiri baada ya zamu ya usiku ni kumgeuza daktari wa usingizi kuwa kesi ya usingizi. Ukitaka lokamu, chagua mji mmoja, siku zinazojulikana, na thieta uliyoikagua. Kabla ya kukubali siku ya kwanza fika mapema saa moja: washa mashine, jaribu mkondo wa oksijeni na mtungi wa akiba, pima kama mfumo unashikilia shinikizo, fungua friji ya dawa ya kulegeza misuli, tafuta adrenalini kwa mkono wako. Usipoipata, ondoka. Pesa ya siku moja haitoshi kulipia hilo.

Mkataba wako wa kaunti usome tena leo. Tafuta mambo manne: utatumikia miaka mingapi, miaka inaanza kuhesabiwa lini, siku ya mtihani wa mwisho, siku ya kuripoti, au siku ya kusajiliwa ubingwa na KMPDC, baraza linalosajili madaktari nchini, ukivunja unalipa nini, mishahara tu au na karo, na kama mafunzo ya ubobezi ya mwaka mmoja yatasimamisha hesabu au yatahesabiwa kama kuvunja. La nne ndilo huwakamata watu. Wapo wanaopata nafasi Nairobi, wanaruhusiwa kwa mdomo, kisha mkubwa anahamishwa na anayeingia hana habari. Ruhusa iwe barua, yenye tarehe ya kurudi na cheo utakachorudia. Na kwa kuwa afya iko chini ya kaunti tangu 2013, uhamisho wa kwenda Nakuru kwa ajili ya familia si wa kuhamishwa tu kama zamani: kaunti moja lazima ikuachilie na nyingine ikupokee, na zote ziandike. Anza mazungumzo hayo mwaka mmoja kabla ya kumaliza, kwa sababu bajeti ya mwaka wa fedha huanza Julai na nafasi isiyo kwenye bajeti haipo, hata kama wanakuhitaji.

Ng'ambo sikukatazi. Ila fahamu kwamba Marekani, kwa kawaida, itakutaka uanze upya mafunzo ya ubingwa baada ya mitihani yao, na Uingereza utathibitisha ujuzi kwa jalada la kazi linalochukua muda mrefu kukusanya. Hilo daftari la safu tatu, ukiliendeleza vizuri na kupata sahihi za wasimamizi, litakusaidia huko pia. Ukipenda mitihani ya hapa ukanda, CANECSA, chuo cha madaktari wa usingizi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, hutahini na kufunza kupitia hospitali zilizoidhinishwa, jambo linalomfaa asiyeweza kuhamisha familia.

Kwa hali yako, hivi ndivyo ningepanga. Miezi sita ya daftari, kuanzia Jumatatu. Katika duru utakazochagua mwenyewe, omba mwezi mmoja wa ziada wa uzazi na mmoja wa watoto Eldoret. ICU utapitishwa tu, hawatakusamehe. Likizo yako ijayo, usiende Nakuru moja kwa moja. Pitia hospitali ya kaunti yako siku mbili, usiku mmoja ukiwemo, na uulize muuguzi wa zamu walikuwa wangapi ICU Jumamosi iliyopita saa nane usiku. Akikutajia nambari bila kusita, kaa chini umsikilize. Akicheka, omba kuonyeshwa chumba wanachowaweka wagonjwa wakitoka thieta, upime nafasi ya vitanda vinne.